Kitu Hiki ni Nini? Vyuma Vidogo Tunavyochimbua Shambani



Hebu tuseme kikundi chenu kimetoka asubuhi kuchimba terasi katika shamba la mwenzenu mmoja. Jua halijapanda sana. Mara jembe linagonga kitu, ka! Mnainama, mnaokota kikasha kidogo cha chuma, bapa, kimejaa udongo, na juu kina mahali pa kupitisha kamba. Si kopo la ugoro. Si kufuli. Ni nini basi?

Kijana mmoja anasema, "Hiyo ni skrepu tu, mzee. Tuitupe na zile zingine. Yule mtu wa mizani akipita Jumamosi tutapata ya chai."

"Ngoja kwanza, mjukuu wangu," mzee anamjibu. "Hebu lete nikione." Anakigeuza, anakipangusa kwa kidole, ananyamaza kidogo. Kisha anasema, "Marehemu baba alivaa kitu kama hiki shingoni. Hiki ni cha kipande."

Mzee huyo amesema kweli. Kuanzia karibu mwaka 1920, serikali ya kikoloni ililazimisha wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi, maana mtu alijiona amefungwa kama mnyama. Harry Thuku na wenzake walikipinga waziwazi miaka ya mwanzo ya 1920. Kipande cha shingoni kilikwisha mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini hata leo tukienda kuchukua kitambulisho tunasema tunaenda kuchukua kipande. Neno limebaki, kikasha kimezikwa shambani.

Sasa fikirini: kama mzee asingekuwepo siku ile, kikasha kingeuzwa kwa uzito na historia ya ukoo ingeyeyushwa pamoja nacho. Na kama kitu kilichogongwa na jembe kingekuwa kombora la zamani, pengine kikundi kizima kingepata msiba. Ndiyo sababu katika makala haya tutajifunza jinsi ya kutambua vyuma vidogo vinavyotoka ardhini, vipi vya kuhifadhi, na vipi vya kukimbia.

Kabla ya yote: kipi usiguse

Jambo la kwanza si kujua jina la kitu. Jambo la kwanza ni kujua kama kinaweza kukuua. Acheni kazi mara moja mkiona vitu hivi:

1. Chuma chenye umbo la chupa, yai, nanasi, au bomba lenye ncha, hasa kama kina mabawa madogo nyuma. Linaweza kuwa kombora au guruneti.

2. Risasi ambayo bado ina kichwa chake. Tazama kitako chake bila kuigusa. Katikati pana duara dogo, hiyo ndiyo fataki yake. Kama duara lina kishimo, fataki ilipigwa, lakini maadamu kichwa bado kipo, huenda risasi haikulipuka na baruti bado imo ndani. Kama halina kishimo, baruti bado imo ndani.

3. Kijibomba kidogo cha alumini au shaba, chembamba kama kalamu, pengine kina nyaya mbili. Hii ni fataki ya kupasulia mawe. Hupatikana karibu na machimbo ya mawe, migodi na barabara zilizochongwa mlimani. Watoto huidhani ni kalamu. Inaweza kukata vidole vyote na kutoboa macho.

Msikigonge, msikitie motoni, msikikate kwa msumeno, msikisogeze. Rudini kwa njia ile ile mliyojia. Wekeni alama kwa mbali, kama tawi au kitambaa, mzuie watoto na mifugo, kisha mpeleke habari kwa chifu na polisi. Simu ya dharura ni 999 au 112. Mtu asiseme ati "kimekaa miaka mia, kimeoza." Ganda la nje huoza, lakini baruti ya ndani inaweza kuwa hai, na kutu huifanya isitabirike kabisa.

Hatari hii si hadithi ya kutishia watoto. Taita Taveta palikuwa na vita vikali kati ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1914 hadi 1916: Salaita mwezi Februari 1916, na Latema na Reata mwezi Machi mwaka huo huo. Katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, ndege za Waingereza zilidondosha mabomu wakati wa vita vya Mau Mau miaka ya 1950. Na huko Samburu na Laikipia, karibu na Archer's Post na Dol Dol, wachungaji na watoto wameuawa na kukatwa viungo na mabomu yaliyoachwa kwenye viwanja vya mazoezi ya jeshi. Mwezi Julai 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200 walioumizwa au kufiwa. Pesa hizo hazikumrudishia mtu mkono wake.

Maswali matano ya kukiuliza chuma

Mkishahakikisha kitu si cha hatari, kaeni chini mkiulize maswali. Hamhitaji mashine. Mnahitaji macho, sumaku ndogo (hata ile ya spika ya redio mbovu), na subira.

Swali la kwanza: Kimetoka wapi hasa? Andikeni mahali, kina chake kwa futi, na vitu vilivyokuwa kando yake, kama vile vigae vya chungu, majivu, mifupa au shanga. Kitu kikitolewa mahali pake bila kuandikwa, kinapoteza nusu ya habari zake.

Swali la pili: Kutu yake ni ya rangi gani? Kutu nyekundu ni chuma. Rangi ya kijani ni shaba, ama nyekundu ama ya njano. Kijivu chenye unga mweupe, na kizito kuliko unavyotazamia, ni risasi, ile madini laini inayokwaruzika kwa ukucha. Nyeusi huweza kuwa fedha. Kijivu na chepesi kama sufuria ni alumini. Dhahabu haishiki kutu hata ikikaa miaka elfu.

Swali la tatu: Sumaku inakishika? Ikishika, kuna chuma ndani. Shaba, risasi, fedha, dhahabu na alumini hazishikwi. Mtu akikuuzia "dhahabu" inayoshikwa na sumaku, mwambie aende salama.

Swali la nne: Kilitengenezwaje? Alama za nyundo na umbo lisilo sawasawa ni kazi ya mhunzi. Mistari ya skrubu iliyo sawa kabisa, au mshono mwembamba ubavuni, ni kazi ya kiwanda. Mkipata alumini, jueni haiwezi kuwa kitu cha zamani sana. Madini hayo hayakuenea kwetu kabla ya karne ya 20.

Swali la tano: Kina maandishi au picha? Kipangusie maji kwa brashi laini, basi. Msisugue kwa mchanga, jivu, limau wala asidi ya betri. Wengi wameng'arisha kitu hadi kikang'aa kweli, lakini maandishi yote yakaisha.

Vitu vinavyopatikana mara kwa mara

Sarafu zenye tundu. Tundu likiwa la mviringo na kando yake kuna pembe mbili za ndovu, hiyo ni senti ya Afrika Mashariki: senti 1, 5 au 10. Wazee walizifunga kwa kamba. Soma jina la mfalme. George wa 5 alitawala hadi Januari 1936, Edward wa 8 kwa muda usiotimia mwaka, mnamo 1936, kisha George wa 6 hadi 1952. Shilingi yenye simba aliyesimama mbele ya milima ilianza mwaka 1921, na hadi 1946 robo yake ilikuwa fedha. Sarafu hizi ni nyingi sana. Ni kumbukumbu nzuri, lakini hazitajenga nyumba ya mawe.

Tundu likiwa la mraba, mambo ni tofauti. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata katika kisiwa cha Manda, Lamu, sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, ya mfalme Yongle aliyetawala 1402 hadi 1424. Hapo kitu kidogo kama kifungo cha koti kimetuonyesha biashara ya miaka 600 iliyopita.

Sarafu nyingine. Yenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu ni pesa ya Sultani Barghash wa Unguja, ya mwaka 1299 wa Kiislamu, yaani karibu 1882. Neno letu "pesa" lilitoka kwenye sarafu za namna hiyo zilizokuja kutoka India. Yenye herufi D.O.A. ni ya Wajerumani wa Tanganyika. Walipokosa sarafu vitani mwaka 1916 walizipiga wenyewe huko Tabora, na hizo zina herufi T. Sarafu kubwa ya fedha yenye mama mnene na mwaka 1780 ni riale ya Maria Theresa wa Austria. Hapa tuwe macho: mwaka ule ule wa 1780 uliendelea kupigwa juu ya sarafu hizo muda mrefu baada ya malkia huyo kufa. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka ilipotengenezwa.

Maganda ya risasi. Ganda tupu la shaba ya njano, urefu wa sentimita 5 na nusu hivi, lililobanwa shingoni kama chupa, ni la bunduki ya kijeshi. Angalieni kitako. Kama ukingo wake umetokeza nje kama kofia, huenda ni la bunduki ya Kiingereza ya .303. Kama hakitokezi bali kimechongwa mfereji kuzunguka, huenda ni la Mauser ya Kijerumani. Ganda nene, kubwa kuliko hayo, laweza kuwa la Mauser ya zamani ya 1871, iliyotumiwa na askari wengi wa Wajerumani mwanzoni mwa vita. Baruti yake ilitoa moshi mwingi hata adui akaona mpiga risasi yuko wapi. Mara nyingi kitako kina tarakimu za mwaka. Lakini ganda moja halithibitishi vita. Polisi na wawindaji pia walitumia .303.

Mkipata bomba la maji lililokatwa, likiwa na komeo la mlango na mahali pa kufungia mpira, msicheke. Hivyo ndivyo wapiganaji wa Mau Mau walivyojitengenezea bunduki msituni.

Vifungo. Kifungo cha shaba chenye taji, na nyuma kina kitanzi, ni cha sare. Nyuma yake mara nyingi kuna jina la kiwanda na mji. Kinaweza kuwa cha askari, polisi au mfanyakazi wa reli. Vinapatikana sana kando ya njia za vita, kama ile reli iliyojengwa kutoka Voi kuelekea Taveta mwaka 1915 na 1916. Hapo ndipo walipopita wapagazi wa Kariokor, ambao makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Wengi wao hawana kaburi lenye jina.

Waya na njuga. Waya mnene wa shaba uliosokotwa ni masango, uliokuja na misafara ya biashara na kugeuzwa bangili. Kikengele cha chuma chenye ufa na kijiwe ndani ni njuga ya mguuni.

Mawe meusi mazito. Yana matundu kama mkate na mng'ao kama kioo. Si kimondo, na si madini ya kuuza. Ni mavi ya chuma, takataka iliyobaki baada ya wahunzi kuyeyusha chuma. Mkiyaona mengi mahali pamoja, pamoja na mabomba ya udongo yaliyoungua, mmesimama juu ya tanuri la wazee. Galu huko Kwale, watafiti walichimbua tanuri la namna hiyo. Watu wetu waliyeyusha chuma karne nyingi kabla ya meli ya kwanza ya mkoloni.

Mashine inayolia

Siku hizi watu wengine huja vijijini na mashine ya kutafuta chuma. Ina duara chini na spika juu. Duara hupeleka nguvu ya sumaku ardhini, na chuma au madini yakijibu, mashine inalia. Basi, ni hayo tu. Haijui kutofautisha vizuri kizibo cha soda na sarafu ya kale, wala kombora na sufuria. Anayechimba haraka kwa sababu mashine imelia anaweza kuchimba kifo chake.

Tena kuna sheria. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inasema kutafuta vitu vya kale ardhini kunahitaji leseni. Kitu cha kale ni kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mkikipata kwa bahati mkilima, mnatakiwa kuarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, na kueleza mahali na jinsi mlivyokipata. Vitu hivyo ni mali ya taifa. Kuviuza kimyakimya ni kosa. Vitu vya baadaye, kama kikasha cha kipande, havimo katika hesabu ya 1895, lakini makumbusho yaliyo karibu nanyi yanaweza kuwasaidia kuvitambua: Kitale, Kisumu, Meru, Nyeri, Fort Jesus, Lamu na kwingineko. Na risasi nzima bila kibali ni kosa la jinai hata kama mliiokota tu.

Matapeli wako njiani

Kuna mtu atakuja na gari safi. Atasema anatafuta "rupia za Mjerumani" au "zebaki nyekundu", na kwamba kikundi kikitoa pesa za "kupima" mtagawana mamilioni. Ndugu zangu, hakuna zebaki nyekundu ya kutajirisha mtu, wala ndani ya bomu, wala ndani ya redio ya zamani. Mwezi Januari 2013, huko Chitungwiza nchini Zimbabwe, mlipuko uliua watu kadhaa nyumbani kwa mganga. Taarifa za wakati ule zilisema walikuwa wakifungua bomu wakitafuta zebaki hiyo. Pesa za kikundi zilichangwa kwa jasho, shilingi kwa shilingi. Zisiende hivyo.

Na anayenunua skrepu lazima awe na leseni chini ya sheria ya mwaka 2015, tena aandike amenunua nini na kwa nani. Akikataa kuandika, msimuuzie.

Sarafu tisa ndani ya kopo

Tumalizie na kisa cha kweli. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa akivua samaki katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Akaona sarafu tisa mchangani. Hakuzijua. Akazitia ndani ya kopo, akazisahau hadi 1979 alipozipeleka kwa wataalamu. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa, pwani yetu hii ya Waswahili, karibu kilomita 10,000 kutoka pale! Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje.

Lakini wana mahali pa kuanzia. Isenberg alitia alama ya X kwenye ramani, mahali alipoziokota. Mwaka 2013 watafiti walikwenda huko wakiwa na ramani hiyo. Bila ile X, zingekuwa sarafu tisa tu ndani ya kopo.

Basi kikundi chenu kiwe na daftari moja. Kila kitu kinachotoka ardhini kiandikwe: tarehe, shamba la nani, kina, kilikuwa karibu na nini, na wazee wamesema nini. Hili la mwisho msilicheleweshe. Waliovaa kipande shingoni karibu wote wametutoka, na wale waliowaona baba zao wakikivaa sasa ni wazee sana. Waulizeni leo, kabla ya msimu ujao wa kuchimba.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni vyuma gani vimewahi kutoka katika mashamba yetu? Viko wapi sasa?

2. Watoto wetu wanachezea wapi? Je, kuna machimbo ya mawe au kiwanja cha zamani cha jeshi karibu? Nani atawafundisha watoto wasiguse?

3. Ni mzee gani katika kijiji chetu anayeweza kutambua vitu vya zamani? Nani atamtembelea wiki hii, akiwa na daftari?